Je, Mvi Humgeuza Mtu Siasa Yake?

Kuna kauli isiyokosekana katika nyumba yenye kijana na mzee. Kijana akizungumza kwa ukali juu ya kodi, ardhi na haki, mzee humsikiliza huku akitabasamu, kisha humgeukia mwenziwe na kusema: "Mwache, damu ingali inachemka. Akioa na kupata watoto atatulia." Kijana naye akishaondoka mbele ya wakubwa huwaambia marafiki zake: "Wazee wetu wameshakwisha. Usitaraji jipya kutoka kwao."

Ukizipima vyema, kauli hizi mbili ni kauli moja. Zote zinadai kuwa siasa ya mtu ni jambo la umri, kama meno ya utotoni na mvi za uzeeni. Ujanani mtu hutaka kila kitu kigeuzwe, na uzeeni hutaka kila kitu kibaki kilivyo. Hakuna mwenye kosa wala mwenye sifa, maana ni maumbile tu.

Tumeona inafaa kulichunguza dai hili kwa sababu athari yake huingia majumbani. Mzazi anayeamini kuwa umri utamnyoosha mwanawe haoni haja ya kuketi naye na kumsikiliza. Kijana anayeamini kuwa mvi zimemfunga babu yake haoni haja ya kumuuliza lolote. Mwezi wa Juni 2024, vijana walipotoka barabarani katika miji mingi ya Kenya, Mombasa ikiwemo, kuupinga Mswada wa Fedha, na tarehe 25 Bunge likavamiwa na watu wakapoteza maisha, mjadala huo uliingia hadi kwenye sinia za chakula. Siku iliyofuata Rais alitangaza kuwa hatautia saini mswada ule. Barabara zilikuja kutulia, lakini swali lilibaki: je, vijana hawa wataacha msimamo wao kwa kukua tu? Na je, wazazi wao waliwahi kuwa kama wao?

Maana ya neno lenyewe

Tuanze na neno. Mhafidhina ametokana na mzizi uleule uliotupa hifadhi na hafidh. Kwa asili, basi, si tusi. Katika siasa, mhafidhina ni mtu anayeona kuwa kilichopo, kiwe ni desturi, sheria, mali au taasisi, kina thamani yake, hivyo kisiguswe ila kwa hadhari. Mpenda mageuzi ni yule anayeona kuwa kilichopo kina dhuluma ndani yake, na kwamba kukiacha kama kilivyo ni kushiriki katika dhuluma hiyo.

Mara nyingi watu wawili hawa huishi ndani ya mtu mmoja. Tukumbuke kura ya maoni ya tarehe 4 Agosti 2010. Wengi katika Pwani yetu waliipigia Katiba mpya kura ya Ndiyo. Walitaka mageuzi makubwa: mamlaka yateremke kutoka Nairobi hadi kwenye kaunti, na tume huru ya ardhi iundwe. Wakati huohuo walitaka kuhifadhi jambo la zamani mno, nalo ni mahakama za Kadhi, zilizokuwepo kabla ya uhuru na ambazo baadhi ya viongozi wa makanisa waliokuwa upande wa La walitaka ziondolewe katika Katiba. Mtu huyo alitia alama moja tu kwenye karatasi, na kwa alama hiyo akawa mpenda mageuzi na mhafidhina kwa pamoja. Tusiliache hilo likatuponyoka, kwani wanaosema "wazee ni wahafidhina" husahau kuuliza: wanahifadhi nini?

Msemo usio na mwenyewe

Wazungu wana msemo wao maarufu katika jambo hili. Husema kuwa asiye mpenda mageuzi akiwa na miaka 20 hana moyo, na asiye mhafidhina akiwa na miaka 40 hana akili. Mara nyingi msemo huu hutiwa kinywani mwa Winston Churchill, Waziri Mkuu wa Uingereza wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Hakuna ushahidi kwamba aliusema, na maisha yake yenyewe yanaupinga. Churchill aliingia Bungeni mwaka 1900 akiwa na umri wa miaka 25, tena kwa tiketi ya chama cha Conservative, yaani chama cha wahafidhina. Mwaka 1904 alikihama chama hicho na kujiunga na Liberal, chama cha mageuzi. Aliposhuka bandarini Mombasa mwaka 1907, akiwa naibu waziri wa makoloni, alikuwa mtu wa Liberal wa miaka 32. Hakurejea kwa wahafidhina hadi mwaka 1924. Safari yake, basi, ilikuwa ya kwenda na kurudi, wala haikufuata hesabu ya umri.

Nasi tuna mfano wetu ulio karibu zaidi. Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui alizaliwa Mombasa mwaka 1891. Alianzisha gazeti la Sahifa mwaka 1930 na la Al-Islah mwaka 1932, akiwahimiza Waislamu wa Pwani wabadili namna yao ya kusomesha watoto, waamke katika uchumi, na waziache mila zisizo na msingi. Neno islah lenyewe maana yake ni kutengeneza kilichoharibika. Alipouanza wito huo alikuwa ameufikia umri wa miaka 40, umri uleule ambao msemo wa Wazungu unamtaka mwenye akili atulie. Mwaka 1937 akawa Kadhi Mkuu wa Kenya, na alibaki katika cheo hicho hadi alipofariki mwaka 1947.

Watu wawili hawatoshi kuwa hoja, tunakiri. Watu wakubwa huenda wakawa na mambo yao. Hebu tuwatazame watu wa kawaida, walio wengi.

Umri ni kitu kimoja, rika ni kitu kingine

Msingi wa kosa ni kuchanganya mambo mawili ambayo Kiswahili kimeyapa majina mawili. Umri ni hesabu ya miaka ya mtu. Rika ni wale waliozaliwa na kukua pamoja, wakaona mambo mamoja kwa wakati mmoja. Anayesimama leo na kuwalinganisha wazee na vijana huona tofauti, akadhani imeletwa na umri. Yamkini imeletwa na rika.

Tuchukue mfano wa lugha. Ingia Mji wa Kale wa Mombasa, uwasikilize bibi zetu: utasikia Kimvita safi. Kisha uwasikilize wajukuu wao wakitoka shule: utasikia Kiswahili cha redio kilichochanganywa na Sheng na Kiingereza. Je, kuna anayeamini kwamba mjukuu yule atakapotimiza miaka 60 ataamka asubuhi moja akizungumza Kimvita? Hakuna. Bibi hakupewa Kimvita na uzee, alikipata utotoni na akadumu nacho. Tofauti tunayoisikia ni ya marika.

Siasa nayo ina mambo mengi ya namna hii. Nchini Urusi, katika uchaguzi wa rais wa mwaka 1996, Boris Yeltsin alikuwa akiipeleka nchi kwenye soko huria, na Gennady Zyuganov alikuwa mgombea wa chama cha Kikomunisti. Zyuganov alipata nguvu zaidi kwa wazee, na Yeltsin kwa vijana. Hapo uzee uliegemea upande ambao kwingineko huitwa wa mapinduzi. Sababu yake si ngumu kuielewa. Wazee wale walilelewa chini ya Ukomunisti, pensheni zao zilitokana nao, na sasa walikuwa wakiona thamani ya pensheni hizo ikiyeyuka. Kwa upande mwingine wa dunia, nchini Argentina mwaka 2023, vijana wengi walimuunga mkono Javier Milei, mgombea wa mrengo wa kulia. Kama maumbile yangekuwa yanawasukuma vijana wote kushoto na wazee wote kulia, mambo haya yasingetokea.

Uingereza inatupa ushahidi ulio wazi zaidi. Huko ni kweli kuwa wazee hukipigia chama cha Conservative kura nyingi kuliko vijana. Baada ya uchaguzi wa Juni 2017, kampuni ya utafiti wa maoni ya YouGov ilitafuta umri ambao mpiga kura huanza kuelekea zaidi Conservative kuliko Labour, ikapata kuwa ni miaka 47. Uchaguzi ukarudiwa Desemba 2019, na safari hii umri huo ulikuwa 39. Uliteremka kwa miaka minane ndani ya miaka miwili na nusu. Hakuna maumbile ya binadamu yanayokwenda kwa kasi hiyo. Kilichobadilika ni viongozi, masuala na upepo wa wakati.

Wasichana wa Bennington

Njia bora ya kulijua jambo hili ni kumfuata mtu mmoja kwa miaka mingi, badala ya kuwalinganisha mzee na kijana wa siku moja. Utafiti wa namna hiyo ni mgumu na huchukua umri wa mtu mzima, lakini umefanyika.

Mwaka 1932 kilifunguliwa chuo cha wasichana kiitwacho Bennington katika jimbo la Vermont, kaskazini mashariki mwa Marekani. Ada yake ilikuwa kubwa, hivyo wengi wa wanafunzi walikuwa mabinti wa watu wenye uwezo, na watu wenye uwezo wa wakati ule walikuwa zaidi wafuasi wa Republican, chama cha wahafidhina. Walimu wao, kinyume chake, wengi walimuunga mkono Rais Franklin Roosevelt, aliyekuwa akipitisha mageuzi ya kuwasaidia wazee na wasio na kazi baada ya uchumi kuporomoka mwaka 1929. Mwalimu mmoja wa saikolojia, Theodore Newcomb, aliwachunguza wasichana hao mwaka baada ya mwaka.

Katika uchaguzi wa mwaka 1936 aliwauliza wangemchagua nani. Wa mwaka wa kwanza, waliotoka nyumbani karibuni, asilimia 62 walimtaka Alfred Landon wa Republican. Wa miaka ya mwisho, waliomtaka Landon walikuwa asilimia 15 tu, na waliobaki walimtaka Roosevelt au wagombea wa mrengo wa kushoto zaidi. Tukumbuke kuwa chuo kilikuwa katika jimbo ambalo, pamoja na Maine, ndiyo pekee kati ya majimbo 48 yaliyomkataa Roosevelt mwaka huo. Wasichana hawa walibadilika katikati ya jirani wasiobadilika, kwa sababu ya jamii ndogo waliyoishi nayo.

Wengi wangesema: hayo ni ya ujana, ngojea waolewe. Newcomb alingoja. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, wakiwa wake na mama wenye umri wa takriban miaka 45, aliwatafuta tena, na wengi wao alikuta wamebaki pale alipowaacha. Mwaka 1984 wakatafutwa kwa mara nyingine, sasa wakiwa bibi wa miaka 60 na 70. Wakati huo Ronald Reagan wa Republican alipata ushindi mkubwa, na wanawake wengi wa umri na elimu kama yao walikuwa upande wake. Karibu robo tatu ya wanawake wa Bennington walimtaka mpinzani wake, Walter Mondale. Nusu karne ilikuwa imepita, mvi zimejaa, na mwelekeo ni uleule.

Newcomb alieleza kilichowafanya wadumu, na maelezo yake yanastahili kukumbukwa na kila mzazi. Wanawake hao, walipotoka chuoni, waliolewa na waume na wakachagua marafiki waliokuwa na fikra kama zao. Rai waliyoipata chuoni iliendelea kumwagiliwa maji nyumbani na katika usuhuba. Ambao rai zao zilirudi nyuma walikuwa hasa wale waliojikuta katika nyumba na jamaa wenye rai tofauti.

Msemo una chembe ya kweli

Mtu anaweza kusema kuwa wasichana wa chuo kimoja ni wachache mno. Uko utafiti mpana zaidi. Mwaka 1965 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan waliwahoji zaidi ya wanafunzi 1,600 waliokuwa wakimaliza shule ya sekondari sehemu mbalimbali za Marekani. Waliwatafuta tena mwaka 1973, 1982 na 1997, walipokuwa wameufikia umri wa miaka 50. Mwaka 2020 Johnathan Peterson, Kevin Smith na John Hibbing walichapisha uchambuzi wa majibu hayo. Walikuta kwamba kwa watu wengi siasa hudumu bila ya kubadilika sana. Lakini walikuta jambo la pili pia: miongoni mwa waliobadilika, waliohama kutoka mageuzi kwenda uhafidhina walikuwa wengi kuliko waliohama kinyume chake.

Ni haki kulitaja jambo hili la pili, kwa maana ndiyo chembe ya kweli iliyomo ndani ya msemo. Nchini Uingereza pia, watafiti James Tilley na Geoffrey Evans walionyesha mwaka 2014 kuwa kuzeeka huongeza uwezekano wa mtu kukipigia kura Conservative, ingawa nyongeza hiyo ni ndogo, chini ya nusu ya asilimia moja kwa mwaka. Ni mkondo mwembamba, si mafuriko. Aliyekuwa katikati huenda akasogezwa. Aliyejenga rai yake kwa kina husogea kwa nadra.

Na mkondo huo unatoka wapi? Tunaona vyanzo vitatu. Cha kwanza ni majukumu. Mwenye duka hutazama kodi kwa jicho ambalo mwenye njaa hana, na mwenye watoto huogopa fujo kuliko asiye nao. Hayo huja na mali na familia, na mali na familia kwa kawaida huja na miaka. Ambaye miaka imekuja bila ya nyumba wala kazi ya kudumu hana sababu ya kuona hivyo. Ndiyo maana wanaomwambia kijana "utatulia ukijenga" wanapaswa kwanza kujiuliza kama kuna mlango wowote wa kujengea uliobaki wazi kwake.

Cha pili ni kwamba jamii husonga, na aliyesimama huonekana amerudi nyuma. Mwaka 1918 Bunge la Uingereza liliwapa kura wanawake waliotimiza miaka 30 wenye sifa fulani za mali. Mtu aliyeunga mkono sheria hiyo alihesabiwa mtu wa mageuzi. Miaka 10 baadaye, mwaka 1928, wanawake wote wa miaka 21 walipewa haki sawa na wanaume. Yule aliyebaki na rai ya 1918 sasa alikuwa mhafidhina, na hali hakubadilisha neno hata moja.

Cha tatu husahauliwa kwa kuwa ni cha huzuni. Si kila kijana hufika uzeeni. Maskini hufa mapema kuliko matajiri, na mara nyingi maskini ndio wanaotaka mageuzi. Tukiwauliza wazee waliopo, tunauliza waliobaki tu. Waliotangulia hawapigi kura.

Tena wapo wazee wanaokwenda mbele. Nicholas Danigelis, Melissa Hardy na Stephen Cutler walichapisha mwaka 2007 uchambuzi wa maoni ya Wamarekani yaliyokusanywa kuanzia 1972 hadi 2004. Walitazama mambo kama haki za watu weusi, nafasi ya wanawake na uhuru wa kusema. Waliotimiza miaka 60 na zaidi walikutwa wakibadilika kama vijana, na mara nyingi kwa kuelekea kwenye uvumilivu zaidi. Mzee si jiwe.

Marika matatu katika nyumba moja ya Pwani

Tukirudi kwetu, vipimo vya kulia na kushoto vya Ulaya havitukai sawasawa. Lakini tofauti ya rika na umri inatukaa barabara. Wachambuzi wa kura za Marekani, Yair Ghitza, Andrew Gelman na Jonathan Auerbach, walikuta kuwa matukio ya kisiasa humwachia mtu alama kubwa kuliko zote anapokuwa kati ya miaka 14 na 24. Wahenga wetu walilijua hilo bila ya hesabu: samaki mkunje angali mbichi. Hebu tuyapime marika matatu ambayo leo yanaweza kuwa yanakula pamoja.

Babu wa miaka 80 na ushei alikuwa kijana bendera nyekundu ya Sultani wa Zanzibar ilipokuwa ingali ikipepea juu ya Ngome ya Yesu, na ukanda wa maili 10 wa Mwambao ulipokuwa ukijadiliwa utakwenda wapi. Mwaka 1961 Sir James Robertson aliletwa kuchunguza suala hilo. Oktoba 1963 yalitiwa saini makubaliano ya kuuweka ukanda huo ndani ya Kenya, pamoja na ahadi ya kulinda mahakama za Kadhi. Wapo waliotaka Mwambao wenye mamlaka yake, wapo waliotaka Kenya moja, na wapo waliosimama na chama cha KADU cha Ronald Ngala kudai majimbo. Mwaka mmoja baada ya uhuru, KADU ilivunjwa na majimbo yakazikwa. Rika hili lilijifunza mapema kuwa ahadi ya karatasi huvunjika.

Baba wa miaka 50 na ushei alikuwa kijana kifungu cha chama kimoja kilipofutwa, Desemba 1991. Aliona mwaka 1992 Chama cha Kiislamu cha Kenya, IPK, kikinyimwa usajili, na mitaa ya Mombasa ikijaa moshi wa mabomu ya machozi. Kisha, Agosti 1997, aliona Likoni ikiwaka, watu wakiuawa na maelfu wakizihama nyumba zao. Rika hili lilijifunza mambo mawili: kwamba serikali inaweza kulazimishwa ifungue mlango, na kwamba siasa inaweza kumfanya jirani amchinje jirani.

Mjukuu aliyezaliwa baada ya mwaka 2000 amekulia ndani ya Katiba ya 2010. Kaunti ameziona tangu akiwa mtoto. Anajua kuwa Kifungu cha 37 kinampa haki ya kuandamana kwa amani bila ya silaha, na hashangai kukitaja mbele ya askari. Hakuwahi kuishi nchi ambayo mtu aliweza kuwekwa kizuizini bila ya kushtakiwa kwa sababu ya rai yake, na sheria ikaridhia. Rika hili ndilo lililotoka barabarani 2024.

Sasa baba anapomwambia mwanawe "usitoke", je, huo ni uhafidhina wa uzee? Mwenye kovu usidhani kapoa. Anayezungumza hapo ni kijana wa 1997 aliyemo ndani ya mtu mzima. Na babu anayezitetea kaunti zisipunguziwe fedha na mamlaka, je, amegeuka kuwa mlinzi wa mambo yaliyopo? Yumkini ni mtu yuleyule aliyedai majimbo mwaka 1963 na kuitwa mchochezi. Yeye hakusogea. Ilichukua nchi nusu karne kumfikia pale aliposimama.

Faida ya kulijua hili

Tunaona mambo manne ya kuchukua.

La kwanza ni kwa wazazi. Msiyategemee makumi ya miaka yafanye kazi iliyo mikononi mwenu leo. Ushahidi unasema kuwa rai anayoijenga mtoto wenu sasa, akiwa sekondari au chuoni, ina nafasi kubwa ya kwenda naye hadi kaburini. Ikiwa ni rai ya haki na subira, itadumu. Ikiwa ni rai ya chuki au ya kukata tamaa, nayo itadumu. Kijana aliyenyamazishwa mezani hurudi na maoni yake yaleyale, ila sasa huyapeleka kwa watu ambao hamuwajui. Na wasichana wa Bennington wanatufundisha kuwa usuhuba una nguvu kuliko mhadhara. Anayetaka kujua siasa ya mwanawe itakavyokuwa, awajue marafiki zake.

La pili ni kwa vijana. Badala ya kumuuliza mzee "unaonaje?", muulize "ulikuwa na miaka mingapi mwaka ule, na uliona nini?" Swali la kwanza huzaa mabishano, la pili huzaa historia. Anapokukataza, tafuta kovu lililo nyuma ya katazo. Huenda ukaona kuwa hofu yake ni ya kweli, ingawa dawa yake huikubali.

La tatu ni kutenganisha hofu na rai. Wengi katika wazee wetu wanakubaliana na vijana juu ya ugumu wa maisha, ajira na ardhi. Wanachotofautiana ni njia na gharama yake. Tofauti ya njia inaweza kujadiliwa nyumbani. Tukiipa jina la tofauti ya umri, tumeshaufunga mjadala kabla haujaanza, kwa sababu hakuna anayeweza kumshawishi mwenziwe abadili mwaka wake wa kuzaliwa.

La nne linatuhusu sote. Ingekuwa siasa ya mtu ni kama mvi, asingekuwa na la kujibu juu yake, maana hakuna anayeulizwa kwa nini nywele zake zimekuwa nyeupe. Lakini tumeona kuwa rai hutokana na tulichokiona, tuliosuhubiana nao, tulichonacho na tunachokiogopa, na juu ya yote, tulichokubali kukifikiria upya. Kijana hawezi kujitetea kwa ujana wake akiyatukana yasiyostahili kutukanwa, wala mzee hawezi kujitetea kwa uzee wake akiinyamazia dhuluma. Kura ni amana, na rai iliyo nyuma ya kura ni amana vilevile. Mwenye miaka 18 na mwenye miaka 80 wanaibeba kwa uzito uleule, na kila mmoja ataulizwa juu ya yake.